Matamvua ya Samaki: Mlango Usioweza Kufungwa

Sokoni Sumbawanga samaki huja kutoka pande mbili. Upande wa magharibi, chini ya ukingo wa nyanda za juu za Ufipa, kuna Ziwa Tanganyika, litoalo dagaa, migebuka na kuhe wanaopandishwa kutoka Kasanga, Kipili na Kirando. Upande wa mashariki, chini ya milima ya Mbizi, kuna Ziwa Rukwa, litoalo perege na kambare. Mnunuzi mwenye uzoefu, kabla hajauliza bei ya samaki mbichi, hufunua shavu lake na kutazama ndani. Akiona wekundu wa damu, huridhika. Akiona rangi ya kijivu na ute mzito wenye harufu, huenda kwa mchuuzi mwingine.

Mnunuzi huyo anachunguza matamvua, yaani kiungo ambacho samaki hukitumia kuvuta hewa iliyoyeyuka majini. Jambo analolitambua kwa macho lina maana kubwa katika elimu ya viumbe. Samaki akishakufa, bakteria huyashambulia matamvua mapema sana. Lakini samaki akiwa hai, maji yenye bakteria wengi hupita juu ya matamvua hayo mchana na usiku, mwaka hata mwaka, nayo hayaozi. Ni nini basi kinachoyalinda? Na kwa nini wakati mwingine ulinzi huo hushindwa, hata asubuhi moja mfugaji akawakuta samaki wake wakihema juu ya maji ya bwawa?

Swali hili si la vitabuni tu. Ufugaji wa samaki katika mabwawa umekuwa njia ya kujipatia kitoweo na fedha katika Nyanda za Juu Kusini, na pamoja na mabwawa huja maradhi. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha walichapisha matokeo ya uchunguzi ulioonyesha kuwapo kwa bakteria wa jamii ya Aeromonas katika sato wafugwao Nyanda za Juu Kusini na kaskazini mwa Tanzania. Bakteria hao huishi majini kwa kawaida. Humdhuru samaki hasa pale kinga yake inapolegea. Kwa hiyo, anayetaka kuelewa maradhi ya bwawani hana budi kuelewa kwanza jinsi kinga ya samaki inavyofanya kazi, na matamvua ni mahali pazuri pa kuanzia.

UKUTA MWEMBAMBA KULIKO KARATASI

Kila upande wa kichwa cha perege kuna matao manne ya mfupa. Juu ya kila tao zimepangwa safu mbili za nyuzinyuzi nyekundu ziitwazo filamenti, na juu ya kila filamenti kuna vijani vidogo mno, vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Ndani ya vijani hupita damu. Nje yake hupita maji. Kati ya damu na maji pana ukuta wa seli wenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita moja.

Wembamba huo una sababu. Lita moja ya hewa ina oksijeni takriban mara 30 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji. Samaki hawezi kuridhika na kiasi hicho kidogo mpaka awe na eneo kubwa la kupokelea oksijeni na ukuta usioichelewesha njiani. Zaidi ya hayo, damu ndani ya vijani huenda upande mmoja na maji huenda upande wa pili, zikipishana. Kwa mpangilio huo, maji yanayotoka bado hukutana na damu yenye upungufu mkubwa zaidi wa oksijeni, nayo huendelea kutoa oksijeni hadi mwisho wa safari yake.

Tena matamvua hayavuti oksijeni tu. Ndiyo yanayotoa amonia, taka itokanayo na protini, na ndiyo yanayochukua chumvi kutoka majini ili damu isichujuke. Kazi ambazo kwa binadamu zimegawanywa kati ya mapafu na figo, kwa samaki kwa sehemu kubwa zimekusanywa mahali pamoja.

Hapa ndipo lilipo tatizo. Mwili wa perege umevikwa magamba, na tumbo lake lina asidi iuayo bakteria wengi. Lakini matamvua hayawezi kuvikwa magamba wala kufungwa hata kwa saa moja. Ukuta ukiwa mnene, samaki hukosa hewa. Ukiwa mwembamba, adui yu karibu na damu. Kinga ya matamvua ni namna ya kuishi kati ya hatari hizo mbili.

ULINZI WA KWANZA: UTE

Mlinzi wa kwanza ni ute. Seli maalumu zilizotawanyika katika ngozi ya matamvua huutoa bila kukoma, nao hutandaa juu ya filamenti na vijani. Bakteria anayenaswa na ute huchukuliwa na mkondo wa maji na kutupwa nje kabla hajapata pa kushika.

Lakini ute si gundi tupu. Ndani yake mna lisozimu, kimeng'enya kikatacho ukuta wa bakteria wa aina nyingi. Lisozimu ilielezwa mara ya kwanza na Alexander Fleming mwaka 1922, naye aliiona katika kamasi ya binadamu. Samaki nao wanayo. Mna pia vipande vifupi vya protini viitwavyo peptidi, ambavyo hutoboa utando wa bakteria, na mna kingamwili zitakazoelezwa hapa chini. Hata bakteria wasio na madhara, waishio katika ute huo kama wapangaji wa siku nyingi, huwanyima wageni chakula na nafasi.

Samaki akikamatwa kwa mikono mikavu, akisuguliwa na wavu mkavu au akisongamana na wenzake ndani ya ndoo, ute huu hutoka na seli zilizo chini yake huchubuka. Ndiyo maana maradhi mengi ya bakteria huonekana siku chache baada ya samaki kusafirishwa.

ULINZI WA PILI: SELI ZIMEZAZO

Baadhi ya bakteria hawazuiwi na ute. Mwaka 1922 Mmarekani Herbert Spencer Davis alieleza maradhi ya samaki wa mto Mississippi yaliyosababishwa na bakteria warefu wembamba. Chini ya hadubini bakteria hao hukusanyika na kusimama kama nguzo, na kutokana na umbo hilo walipewa jina la columnaris, yaani wa nguzo. Leo wanasayansi huwaweka katika jenasi ya Flavobacterium, na mwaka 2022 kundi hilo liligawanywa katika spishi nne, mojawapo ikipewa jina la oreochromis kwa kuwa inahusiana na perege. Bakteria hawa hushika matamvua, huyala kwa vimeng'enya vyao, na kuacha mabaka ya rangi ya manjano au kahawia mahali palipokuwa pekundu. Maji yakiwa ya vuguvugu, samaki huweza kufa katika siku chache.

Bakteria anaposhika ukuta wa tamvua, seli za ukuta huo humtambua. Juu yake na ndani yake zina vipokezi vinavyojua maumbo ambayo bakteria wanayo na samaki hana, kwa mfano protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao. Kipokezi kikiguswa, seli hutoa kemikali za kutoa taarifa ziitwazo sitokini. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ute huongezeka, na seli nyeupe za damu huvutwa kuja mahali pale.

Wa kwanza kufika ni nutrofili, kisha makrofaji. Hawa humzingira bakteria, humeza na kumuua kwa kemikali kali. Kazi hiyo ya kumeza iligunduliwa na Élie Metchnikoff mwaka 1882 alipochunguza viluwiluwi vya kiti cha pwani huko Messina, Italia. Wakati huohuo protini za damu zinazoitwa komplimenti hushikamana na bakteria, ama kumtoboa ama kumtia alama ili amezwe kwa urahisi. Samaki wana jambo la ziada: mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba hata seli B, ambazo kazi yake ijulikanayo sana ni kutengeneza kingamwili, huweza kuwameza na kuwaua bakteria.

Ulinzi huu huanza katika muda wa saa chache. Upungufu wake ni kwamba hautofautishi sana kati ya adui mmoja na mwingine, na kemikali zimuuazo bakteria huweza kumwumiza mwenyeji pia.

ULINZI WA TATU: SELI ZIKUMBUKAZO

Samaki wenye mifupa hawana uboho utengenezao damu kama wa mamalia, wala tezi za limfu. Seli zao za kinga hutengenezwa hasa katika sehemu ya mbele ya figo na katika tezi ya thimasi, ambayo iko jirani kabisa na chumba cha matamvua. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba matamvua yenyewe hungoja msaada kutoka huko. Mwaka 2008 watafiti wa Norway walieleza kuwa katika samoni, penye msingi wa filamenti, pana mkusanyiko wa seli T uliojengeka ndani ya ngozi ya matamvua yenyewe. Kumbe mlango una kituo chake cha ulinzi.

Seli T huwatambua maadui kwa alama zao, ziitwazo antijeni, na kuziamuru seli nyingine. Seli B hutengeneza kingamwili, protini zinazoshikana na antijeni moja tu kama ufunguo na kitasa chake. Kingamwili kuu katika damu ya samaki huitwa IgM. Mwaka 2005 iligunduliwa aina nyingine, IgT, na mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba trauti aliyeambukizwa vimelea hutengeneza IgT papo hapo katika matamvua na kuimwaga ndani ya ute. Kazi hiyo yafanana na ile ya kingamwili ya IgA katika pua na mapafu ya binadamu, ingawa molekuli hizo mbili si ndugu wa karibu. Inaelekea basi kwamba haja ya kulinda mahali pa kupumulia ilipata jibu majini kabla ya mnyama yeyote kupanda nchi kavu.

Ulinzi huu hukumbuka. Samaki aliyekwisha kukutana na adui humkabili upesi zaidi mara ya pili. Juu ya msingi huo zimejengwa chanjo za samaki. Mwaka 1976 Marekani iliidhinisha chanjo ya bakteria dhidi ya maradhi ya mdomo mwekundu ya trauti, ambayo samaki wadogo huchovywa ndani yake kwa muda mfupi. Ngozi na matamvua ndiyo hupokea somo. Lakini somo halishiki kwa siku moja. Hata katika maji yenye joto linalofaa, kingamwili za kutosha huchukua majuma kadhaa kutokea.

ULINZI UNAPOGEUKA MZIGO

Mwaka 1926 Davis huyohuyo alieleza maradhi mengine ya matamvua, safari hii katika trauti wa kufugwa. Bakteria wake hukaa juu ya matamvua tu, kwa kawaida bila kupenya ndani sana. Hata hivyo samaki hufa kwa wingi. Sababu ni ipi?

Sababu ni jibu la matamvua yenyewe. Seli za ukuta, zikichokozwa siku baada ya siku, huongezeka. Ukuta wa safu moja au mbili za seli huwa na safu nyingi. Nafasi kati ya kijani na kijani huziba, vijani huungana, na filamenti huvimba nchani kama rungu. Ute nao huzidi. Kwa upande wa kinga, jambo hili lina faida: adui amewekwa mbali na damu. Kwa upande wa kupumua ni msiba, maana oksijeni sasa ina safari ndefu zaidi na eneo la kupitia limepungua. Utoaji wa amonia na uchukuaji wa chumvi huvurugika pia.

Samaki wa namna hiyo huweza kuishi maadamu maji yana oksijeni nyingi na yeye ametulia. Oksijeni ikipungua kidogo tu, hana akiba. Mfugaji humwona akihema juu ya maji alfajiri, wakati ambao oksijeni ya bwawa huwa chini kabisa, kwa kuwa usiku kucha mimea na viumbe vyote vimeitumia na jua halijaanza kuirudisha. Samaki huyo amebanwa kati ya bakteria, kinga yake mwenyewe, na maji yasiyotosha.

BARIDI YA UFIPA

Mji wa Sumbawanga uko kwenye mwinuko wa takriban meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, yapata meta 1,000 juu ya maziwa yaliyo pande zake mbili. Tofauti hiyo ina maana mbili kwa matamvua.

Ya kwanza ni hewa. Mgandamizo wa hewa katika mwinuko huo ni kama sehemu nne za tano za ule wa pwani. Maji yenye nyuzijoto 20, yaliyoshiba oksijeni, huwa na miligramu 9 hivi kwa lita huko pwani. Sumbawanga huwa na miligramu 7 hivi. Baridi huongeza kidogo uwezo wa maji kushika oksijeni, lakini bwawa lenye taka nyingi huimaliza akiba hiyo mapema.

Ya pili ni joto. Usiku wa Juni na Julai joto la hewa huweza kukaribia nyuzijoto 10, na bwawa lenye kina kifupi huifuata hewa. Sato ni samaki wa maji ya vuguvugu. Chini ya nyuzijoto 20 hamu yake ya chakula hupungua sana. Joto la mwili wake ni lile la maji, na kinga yake hupoa pamoja naye. Seli zimezazo huendelea na kazi kwa kiasi, lakini seli T na utengenezaji wa kingamwili mpya huathirika zaidi. Somo ambalo maji yenye joto hulifundisha kwa majuma machache, huenda lisishike katika maji ya baridi.

Samaki wenyewe wanaujua umuhimu wa joto. Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo samaki waliodungwa Aeromonas waliachwa wachague maji wayatakayo. Walihamia maji yenye joto zaidi kuliko yale waliyoyapendelea walipokuwa wazima. Mnyama asiyeweza kupandisha homa ndani ya mwili huitafuta nje. Katika bwawa dogo lenye maji ya baridi kila upande, hana pa kuitafuta.

Msimu wa hatari, hata hivyo, huenda usiwe kilele cha baridi, kwa kuwa bakteria wengi nao hupoa. Wafugaji wa samaki aina ya karpi huko Ulaya wanajua tangu zamani kwamba maradhi huzuka sana majira ya baridi yanapokwisha: maji yanapopata joto bakteria huzaana kwa saa, ilhali kinga ya samaki aliyedhoofika huhitaji majuma kurejea. Kanuni hiyo inamfaa pia mfugaji wa Ufipa. Agosti hadi Oktoba, joto linaporudi na mvua hazijaanza, ndio wakati wa kuwaangalia samaki kwa makini, na si wakati wa kuwasumbua kwa nyavu na ndoo.

KUYAPUNGUZIA MATAMVUA KAZI

Mkulima wa Ufipa anajua kazi ya uozo. Katika matuta ya mviringo yaitwayo ntumba, majani hufunikwa na udongo, huoza, na kuilisha shamba. Uozo huo huhitaji oksijeni. Shambani hewa haina mwisho. Bwawani kila kilo ya majani, samadi au pumba isiyoliwa hula oksijeni ileile ambayo samaki anaitegemea, hutoa amonia inayoyachokoza matamvua, na huwalisha bakteria. Mbolea kidogo hukuza chakula cha samaki, ikizidi huwaua.

Kutokana na hayo yafuata mambo machache. Samaki wasizidi uwezo wa bwawa. Chakula kipunguzwe wakati wa baridi, kwa maana hakitaliwa. Vifaranga wanaoletwa kutoka mashamba ya nchi za joto wazoeshwe maji taratibu, na wakae peke yao kwa majuma kadhaa kabla ya kuchanganywa na wengine. Samaki wakionekana wakihema alfajiri, maji ya bwawa yachunguzwe kwanza na sehemu yake ibadilishwe kwa maji safi, na bwana samaki aitwe. Dawa za kuua bakteria zisitupwe majini kwa kubahatisha: haziwezi kuondoa amonia wala kurudisha oksijeni, na huzoesha bakteria kuzishinda dawa ambazo hata binadamu huzihitaji.

Tena maji ya Ufipa hayakai Ufipa. Vijito vyake huteremka, vingine kuelekea Ziwa Rukwa, vingine kuelekea Ziwa Tanganyika. Bwawa linalovuja samaki wagonjwa huyapelekea maradhi maji ambayo perege wa asili ya bonde la Rukwa na samaki wasiopatikana kwingine duniani wa Tanganyika wanaishi.

KAZI YA DARASANI

Mwalimu anaweza kuyaonyesha haya kwa samaki mmoja mbichi wa sokoni. Kata kifuniko cha shavu, hesabu matao, kisha kata tao moja na uliweke katika bakuli la maji safi. Filamenti zitatawanyika na kuelea kila moja peke yake. Linyanyue tao kutoka majini: filamenti zitagandamana na kuwa kama unyoya uliolowa. Eneo la kupokelea oksijeni limepotea mara moja, ingawa hakuna kilichokatwa. Ndiyo sababu samaki hufa penye hewa tele, na ndiyo picha ya yale yanayotukia vijani vinapoungana kwa maradhi.

Wanafunzi walio karibu na bwawa wanaweza pia kuhesabu ni mara ngapi kwa dakika samaki aliye katika beseni hufungua na kufunga vifuniko vya mashavu, asubuhi yenye baridi na tena mchana, wakipima joto la maji kila mara. Hesabu hizo zichorwe katika grafu, na samaki arudishwe bwawani akiwa hai. Baada ya kazi mikono ioshwe kwa sabuni, na mwenye jeraha asishike samaki, kwa kuwa Aeromonas huweza kuingia katika kidonda cha binadamu pia.

Shule itakayoweka kumbukumbu za joto la maji, za mwendo wa kupumua na za samaki waliokufa, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka miwili au mitatu, itakuwa na jambo la maana la kumweleza mfugaji jirani kuhusu bwawa lake, na la kumwuliza mtafiti.